Uzi maalumu: wenye kifuko cha choo tumboni na wanaowauguza, tuongee ngozi, tundu na kuvuja

Fundi wa Kihonda

Wakuu habari zenu.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Morogoro, na tangu 2018 choo changu kinatokea tumboni upande wa kushoto. Ni kolostomi ya kudumu. Miaka yote hii nimekuwa msomaji tu humu, nasoma napita. Wiki iliyopita limetokea jambo dukani kwangu, nikaona kunyamaza tena haiwezekani.

Aliletwa binti na shangazi yake nimpunguzie gauni la harusi. Nilipomzungushia futi kiunoni akanidaka mkono, akaung'ang'ania hapo hapo. Sikumuuliza. Nikamwomba shangazi akatununulie soda, nikavuta pazia, nikafunua blauzi nikamwonyesha cha kwangu. Binti alikaa chini akalia. Ndipo naye akafunua: kipande cha kanga kimekunjwa mara nne, kimefungwa kwa ukanda wa kitenge, chote kimelowa. Vifuko alikuwa navyo kwenye mkoba, vinne, vipya. Aliacha kuvivaa kwa sababu "vinaunguza".

Kifuko hakiunguzi. Nilichukua kimoja alichokwisha kukikata nikakipima: tundu lilikuwa kubwa kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Stoma yake, yaani ule utumbo unaochungulia nje, ilikuwa imeshapungua imebaki kama sarafu ya shilingi mia. Pete yote ya ngozi iliyobaki wazi hapo katikati ilikuwa inalowa choo usiku na mchana, nyekundu, imechubuka kama goti la mtoto aliyeangukia changarawe. Alikatiwa mara ya kwanza wodini, naye akaendelea kukata kipimo kilekile miezi minne. Hakuna aliyemwambia kwamba stoma husinyaa.

Kwa hiyo wakuu naanzia hapo, kwa sababu nimeshakutana na wengi na kilio chao ni hichohicho. Stoma ikitoka kwenye upasuaji huwa imevimba. Inapungua kwa wiki sita hadi nane za mwanzo. Katika muda huo pima kila unapobadilisha. Mimi nilikata boksi la biskuti kama ninavyokata kielelezo cha shingo ya gauni: unatoboa duara, unalipitisha juu ya stoma, linakaa bila kuibana na bila kuacha uwazi mkubwa. Pembeni ibaki nafasi kama unene wa punje ya mchele, milimita mbili hadi tatu, basi. Likibana zaidi linaweza kuikata stoma, na wewe usijue, maana stoma yenyewe haina mishipa ya maumivu. Likiwa pana, choo kinakaa kwenye ngozi. Ukishapata duara lako, lichore nyuma ya kibandiko, ile sehemu ya kifuko yenye gundi inayoshika ngozi, kwa kalamu, kata kwa mkasi mdogo wenye ncha butu, kisha pitisha kidole ukingoni usibaki mkwaruzo.

Stoma nyingi si duara kamili. Ya kwangu imekaa kama punje ya korosho. Kata kwa umbo lake.

Jinsi ninavyobadilisha: asubuhi kabla ya chai, utumbo ukiwa bado umetulia. Nabandua kuanzia juu kushuka chini, mkono mmoja unashikilia ngozi na mwingine unakunja kibandiko taratibu, sivuti kwa nguvu. Nageuza kibandiko nilichotoa nakiangalia mgongoni kabla ya kukitupa, kwa sababu kinakueleza choo kilikopenyea. Kama gundi imeyeyuka upande wa chini tu, ndiko kunakovuja, na pengine hapo kuna mkunjo wa ngozi unaohitaji kujazwa. Naosha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa cha kanga kuukuu. Sabuni situmii sana, na nikitumia ni ya kawaida isiyo na mafuta, kisha naisuuza yote. Hakuna spiriti, hakuna dettol, hakuna vaselini, hakuna mafuta ya nazi, hakuna poda ya mtoto. Hivyo vitatu vya mwisho vinafanya gundi isishike, hivyo viwili vya mwanzo vinaichoma ngozi. Nakausha mpaka ngozi inakuwa kama haijawahi kulowa. Kibandiko nakipasha joto kwapani dakika chache, nakiweka, halafu nalala chali mkono juu yake, dakika mbili au tatu. Joto la kiganja ndilo linaloilainisha gundi ishike.

Mimi nabadilisha kila baada ya siku tatu au nne. Kumwaga ni kila kinapofika theluthi moja, nusu ikizidi sana. Kikiachwa kijae uzito wake unabandua kibandiko chenyewe.

Kitambaa kikitoka na damu kidogo wakati wa kuosha usishtuke, stoma ni laini kama ndani ya shavu. Inatakiwa iwe nyekundu au ya waridi na iwe na unyevu. Ikigeuka zambarau iliyoiva au nyeusi, au damu ikawa inatiririka, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Kisa changu kwa kifupi. Nilitokwa damu chooni, nikaambiwa bawasiri. Nikatibiwa bawasiri karibu mwaka mzima, dawa za kupaka na za kuchomeka, bila mtu yeyote kuingiza kidole kupima. Nilipofika kwa daktari aliyepima, ilichukua dakika mbili kuujua uvimbe. Ilikuwa saratani ya njia ya haja kubwa, chini kabisa. Nikapata mionzi, kisha upasuaji uliotoa sehemu ile yote na kufunga njia ya nyuma. Ndiyo maana ya kwangu haitarudishwa. Hilo sina kinyongo nalo. Mwaka wa bawasiri bado unaniuma. Nawaomba: damu kwenye choo ikizidi wiki chache, au choo kikibadilika umbo na ratiba bila sababu, sema unataka kupimwa kwa kidole na kwa kamera. Usione aibu kulisema.

Karibuni, ulizeni.

Mdogo Wake Juma

Dada Fundi pole sana na asante kwa uzi. Kaka yangu alipata taifodi, utumbo ukatoboka, kafanyiwa upasuaji wiki tano zilizopita. Yeye katolewa upande wa kulia na kinachotoka ni maji kabisa, kama uji mwepesi. Kifuko hakimalizi siku mbili. Ngozi imeungua hadi analia. Amekonda, anapata kizunguzungu akisimama. Tunamnywesha maji mengi sana lakini kiu haiishi. Tunakosea wapi?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mdogo Wake Juma, mimi nafanya kazi wodi ya upasuaji, naomba nijibu hili haraka kwa sababu ni la haraka.

Upande wa kulia na majimaji maana yake karibu hakika ni ileostomi, yaani kilichotolewa nje ni utumbo mwembamba. Utumbo mpana ndiyo unaomalizia kufyonza maji na chumvi, na kwa kaka yako umerukwa. Maji matupu mengi hayamsaidii, yanapita na kuondoka na chumvi iliyopo, ndiyo maana kiu haiishi. Anahitaji ORS. Kama haipo nyumbani sasa hivi: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, visiwe na kilima. Anywe kidogokidogo siku nzima.

Halafu pimeni kinachotoka. Tafuteni jagi lenye mistari, kila akimwaga andikeni. Nusu lita hadi lita moja kwa siku ni kawaida. Ikipita lita moja na nusu, au mkojo ukawa kidogo na wa rangi iliyokolea, misuli ikawa inakakamaa, kizunguzungu kama unachosema, mpelekeni hospitali. Kwa maelezo yako mimi ningempeleka leo, wamcheki figo na chumvi za damu. Zipo dawa za kupunguza kasi ya utumbo ila aandikiwe na daktari, msinunue wenyewe.

Ngozi: kinachotoka utumbo mwembamba kina vimeng'enya vinavyomeng'enya chakula, kikikaa kwenye ngozi kinaimeng'enya na ngozi. Alichosema dada kuhusu tundu kwenu ni muhimu mara mbili. Ombeni poda ya stoma. Mnanyunyiza palipochubuka na kulowa, mnapangusa inayozidi, mnagusagusa kwa kidole kilicholowa maji kidogo, mnaacha ikauke, mnarudia tena mara moja au mbili mpaka kunakuwa na kigaga chembamba kikavu. Ndipo mnabandika juu yake. Poda nyingi ikibaki, kibandiko hakishiki.

Mdogo Wake Juma

Asante sista. Tunampakia sasa hivi.

Mama Pendo wa Sengerema

Mimi nauguza mtoto. Alizaliwa bila njia ya haja kubwa, siku ya tatu wakamtolea tumboni. Ana miezi saba, tunasubiri afikishe uzito wafanye upasuaji wa pili wa kumtengenezea njia. Vifuko vya watoto sijawahi kuviona huku, vya wakubwa vinamzidi tumbo. Natumia vipande vya kanga na nepi. Watu wananiambia namtesa mtoto. Je ni kweli?

Fundi wa Kihonda

Mama Pendo, hapana. Sikiliza. Nilipokuwa nimelazwa, kitanda cha pili alikuwapo bibi mmoja ambaye miaka aliishi kwa mfuko wa rambo na ukanda wa kitambaa, na alinisimulia bila kuficha jinsi alivyokuwa anaifua na kuianika ndani ya chumba watu wasione. Mifuko ile ilikatazwa nchini tarehe 1 Juni 2019, na siku ile mimi nilimfikiria yeye kabla ya kufikiria soko. Watu wanaishi na walichonacho. Mtoto mwenye kolostomi ya upande wa kushoto, choo chake kikiwa kimeshikana, anaweza kukaa na kitambaa vizuri kabisa mradi ngozi haikai imelowa.

Kwa mtoto wa nepi mimi ningefanya hivi: vitambaa vya pamba tupu vilivyochakaa, visivyo na mshono wa kukwaruza, vingi, ubadilishe kila kinapolowa hata kama ni mara kumi na tano. Kwa kuwa hubandiki kifuko, ile marufuku yangu ya mafuta haikuhusu! Wewe unatakiwa kupaka, ile krimu nzito ya upele wa nepi yenye zinki, pete nene kuizunguka stoma, ngozi isiguswe na choo. Sista anirekebishe kama nimekosea.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Uko sawa. Naongeza: nepi ifungwe juu, iifunike stoma, isije ukingo wake ukaikwaruza. Mama Pendo, watoto huwa wanasukuma wakilia, utumbo unaweza kutokeza kuliko kawaida halafu ukarudi akitulia. Ukitokeza ukakataa kurudi, au ukabadilika rangi, au akatapika na tumbo likavimba, usisubiri kliniki ya tarehe. Na kama stoma yake ina matundu mawili, tundu moja linatoa ute tu, hiyo ni kawaida.

Mgeni Hapa

Hilo la ute naomba nilishike. Mimi utumbo ulijisokota, wakakata kipande kilichooza, wakanitolea tumboni, wakasema watarudisha baadaye. Sasa juzi nikahisi haja ya kawaida, nikaenda chooni, kikatoka kitu cheupe kama kamasi. Sijalala. Nimedhani nimefunguka ndani.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Hujafunguka. Kipande cha chini cha utumbo wako bado kipo, kimefungwa juu, na kuta zake zinaendelea kutengeneza ute kama zamani. Ute unajikusanya, unahisi haja, unatoka. Kaa chooni uutoe taratibu bila kukamia. Upasuaji wa aina yako una jina la daktari Mfaransa, Hartmann, aliyeueleza mwaka 1921, na wagonjwa wengi sana wanarudi wodini usiku na swali hili kwa sababu siku ya kuruhusiwa hatuwaambii. Ukitoka usaha, damu, au ukapata homa na maumivu huko chini, hapo njoo. Kurudisha mara nyingi si chini ya miezi mitatu, na si kila mtu anarudishwa, daktari ataangalia afya yako na picha.

Mgeni Hapa

Mungu akubariki. Nimemsomea mke wangu kwa sauti.

Mzee wa Pongwe

Assalaam aleikum. Mimi nina umri wa miaka 67, nina kolostomi mwaka wa tatu. Namshukuru mwenye uzi. Kuna jambo linawasumbua wengi wetu ambao ni Waislamu na wanaona haya kuuliza: sala. Mimi niliacha msikiti miezi minane, nikisema nina najisi tumboni, siwezi kusimama safuni. Siku moja ustadhi akanifuata nyumbani. Akanieleza kwamba mtu ambaye hadathi yake, yaani kile kinachotengua udhu, haikatiki ana hukumu yake: atawadhe baada ya wakati wa sala kuingia, asali, na kitakachotoka akiwa ndani ya sala hakimbatilishii. Sasa adhana ikilia nakimwaga kifuko, nasafisha mdomo wake, natawadha, naenda. Nimechagua safu ya nyuma karibu na mlango, si kwa lazima, ni kwa utulivu wangu. Sajda inanipa shida kidogo tumbo likibana, naishuka polepole.

Funga pia. Mimi nafunga kwa ruhusa ya daktari. Ila kijana wa jirani mwenye ile ya majimaji alijaribu, siku ya pili akabebwa. Wa upande huo wamsikilize daktari kwanza.

Fundi wa Kihonda

Waleikum salaam Mzee wangu, shikamoo. Umenigusa. Mimi ni Mkristo, na nilikuwa nakaa benchi la mwisho mwaka mzima nikiogopa sauti. Kolostomi haina mlango wa kuzuia upepo, unatoka pale unapotaka. Nilichojifunza ni kuweka kiganja juu yake na kubonyeza kidogo nikihisi unakuja, sauti inakufa. Na siku ya kwenda mahali pa watu, jana yake siweki maharage wala kabichi. Mayai na vitunguu kwangu vinaleta harufu, mtindi unanituliza. Lakini kila tumbo na lake, jaribu kimojakimoja uandike. Kifuko kizima kisichovuja hakinuki. Kikinuka kuna mahali pamebanduka, au mdomo wa chini haukufutwa vizuri baada ya kumwaga.

Niongeze mambo ya huku kwetu ambayo vipeperushi havisemi. Akiba ya vifuko usiiweke chini ya bati au kwenye gari juani, gundi inalainika na kuharibika. Mimi naviweka sakafuni kwenye ndoo yenye mfuniko. Kwenye vyoo vya kuchuchumaa, simama umeinama kidogo au chuchumaa upande, tupa karatasi kwanza ndiyo umwage, haitaruka. Chupa ndogo ya maji isikose kwenye mkoba. Kwenye daladala mimi nakaa dirishani na mkoba naupakata tumboni. Vazi: usifungie mkanda wa suruali juu ya stoma. Nimeshona sketi nyingi zenye kiuno cha juu chenye lastiki pana na laini, na ukanda wa kitambaa wa pamba unaoshikilia kifuko kisining'inie. Wanaume wanataka suruali ya marinda na suspenda, wanapendeza kabisa.

Na chumbani. Wengi wanaishia kuulizana hilo pembeni, bora liandikwe. Namwaga kwanza, nafunga kanga nyepesi kiunoni, na tuliambizana na mume wangu mapema kwamba kikibanduka tutaamka tusafishe, tulale. Kimebanduka mara mbili kwa miaka yote. Mwanzoni alikuwa anaogopa kunigusa asije akaniumiza, na mimi nikadhani ananichukia. Miezi mitano tulilala hivyo kila mtu na lake kichwani.

Mnajua kifuko hiki cha kubandika kilivyopatikana? Ni nesi wa Denmark, Elise Sørensen, mwaka 1954. Ndugu yake wa kike, Thora, alikuwa ametolewa utumbo nje na akawa hataki tena kutoka ndani ya nyumba kwa kuogopa kuvuja mbele za watu. Elise akafikiria mfuko wa plastiki wenye pete ya gundi. Akahangaika nao viwandani, mpaka mwenye kiwanda cha plastiki, Aage Louis-Hansen, akakubali baada ya mkewe Johanne, ambaye naye alikuwa amesomea unesi, kumsisitiza. Nikimkumbuka yule binti na kanga yake iliyolowa namuona Thora.

Neema K

Dada vipi bei? Kifuko kimoja kinazidi ninachopata kwa siku kwenye genge.

Fundi wa Kihonda

Neema, ni kweli, na sitakuficha, hapa ndipo panapowaumiza wengi kuliko upasuaji wenyewe. Nunua vya vipande viwili ukivipata: kibandiko kinakaa siku kadhaa, mfuko wenyewe unachomoa na kuosha. Vya kumwaga chini, si vile vilivyozibwa. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ulikopasuliwa, waulize juu ya msamaha na juu ya misaada ya vifuko, huwa inakuja bila kutangazwa. Ukiwa na bima uliza kama vifuko vimo, wakuandikie idadi. Na kaa ukijua kwamba tundu sahihi ni pesa: kifuko kinachokaa siku nne badala ya moja, hesabu yake unaiona.

Mdogo Wake Juma

Wakuu nimerudi. Tulimpeleka usiku ule, wakamlaza siku nne, drip na chumvi, wamempa dawa ya kupunguza kasi. Daktari amesema chumvi zilikuwa zimeshuka sana. Wamemwambia kwa sasa asile mahindi ya kuchemsha, karanga, nazi iliyokunwa wala nyuzi za embe, zisije zikaziba njia, na atafune mpaka vilainike. Dawa yake moja ya vidonge tulikuwa tunaviona vizima kwenye kifuko, wamebadilisha wakampa ya maji.

Nilikata boksi la biskuti kama ulivyosema dada. Tundu letu lilikuwa pana mno. Kifuko cha sasa kiko siku ya tatu, hakijavuja. Leo amelala usiku mzima. Anauliza lini atarudi kwenye bodaboda.

Fundi wa Kihonda

Nimefurahi mpaka mteja ameniuliza nasoma nini.

Mwambie bodaboda bado. Mwezi wa pili misuli ya tumbo haijashikana, akibeba mzigo au pikipiki ikimrusha anaweza kupata ngiri pembeni ya stoma, na hiyo inaharibu hata ukaaji wa kibandiko. Asinyanyue hata ndoo ya lita kumi mpaka daktari amruhusu. Atembee, kila siku mbele kidogo. Na kesho akibadilisha, apime tena.